Namna ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mpango wa matumizi ya ardhi katika kijiji cha pwani

Kila kijiji cha pwani kinapoingia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, simu zinaanza. Mwenyekiti anauliza kama mkutano mmoja unatosha. Mtendaji anauliza afanyeje watu wakikataa kusaini. Mjumbe wa kamati anataka kujua kama wavuvi wa dago, wale wageni wanaopiga kambi ufukweni kwa msimu, nao wasikilizwe. Maswali ni yaleyale mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nimeyajibu hapa kwa pamoja, nikifuata kazi yenyewe inavyokwenda.

Ninaongelea vijiji vya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao za ardhi. Nawaandikia mtendaji wa kijiji, mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi. Wataalamu wa wilaya watakuja na GPS zao na watapima. Kuwasikiliza watu ni kazi yenu, na mipango mingi niliyoiona ikifa ilifia hapo.

Shika jambo hili kabla ya mengine yote: maoni hayakusanywi kwenye mkutano mkuu. Mkutano mkuu unaridhia au unakataa. Kama siku ile ndiyo mara ya kwanza mama anayekaanga samaki dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapotua, anaiona ramani, umeshachelewa.

Sheria, kwa ufupi

Sheria tatu zitakutosha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaifanya halmashauri hiyohiyo kuwa mamlaka ya kupanga ndani ya mipaka yake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 ndiyo inayoeleza mkutano mkuu ni nani: kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Halmashauri ina wajumbe 15 hadi 25. Hesabu wakazi wako wazima, linganisha na 25, utaona kwa nini vikao vya halmashauri peke yake haviwezi kuitwa maoni ya wananchi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Cheti cha ardhi ya kijiji, au angalau mihtasari ya makubaliano ya mipaka iliyosainiwa na vijiji jirani.
- Picha ya setilaiti ya kijiji iliyochapishwa kubwa, ya kutosha watu kumi kuizunguka. Omba ofisi ya ardhi wilayani. Ikikosekana usisubiri, utaona hatua ya 5 kwamba mchanga unatosha.
- Daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba. Karatasi zilizolegea hupotea, na zikipotea hupotea zile zenye maneno makali.
- Wino wa dole gumba.
- Mwandishi mmoja asiye mjumbe wa halmashauri. Mwalimu kijana au mhitimu aliyeko nyumbani anafaa sana.
- Mwezeshaji mwanamke kwa vikao vya wanawake. Hili usilipunguze hata kama bajeti ni ndogo.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa, au mzee mmoja wa baharini anayehesabu mwezi. Mimi namwamini mzee.

Hatua kwa hatua

1. Tenganisha yanayojadilika na yaliyokwisha kuamuliwa

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika yale ambayo kijiji hakina uwezo wa kuyabadilisha. Mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), hata kama babu zenu walikata boriti humo maisha yao yote. Mita 60 kutoka ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu. Ipo hifadhi ya barabara, na ipo mipaka iliyokwisha kusainiwa. Mkiwa ndani ya hifadhi ya bahari, kama vijiji vilivyomo katika ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ongezeni masharti yake.

Kulia andika yaliyo mikononi mwenu: makazi yapanuke kuelekea wapi, malisho yawe wapi, njia za kwenda ufukweni, eneo la diko nchi kavu, vichanja vya kuanikia mwani na samaki, mashamba ya chumvi, makaburi, visima, sehemu za mila. Bahari yenyewe si ardhi ya kijiji, lakini anayelima mwani majini lazima apate mahali pa kuuanika, na mahali hapo ni ardhi yenu.

Kosa la kawaida ni kuwauliza watu jambo la upande wa kushoto. Ukiuliza "mikoko tuifanyeje?" watakujibu kwa moyo mmoja kwamba wagawiwe walime mpunga. Wiki mbili baadaye unawaambia haiwezekani. Kikao cha tatu utaongea na viti.

2. Orodhesha watu kwa shughuli zao

Orodha ya vitongoji inakuonyesha watu wanalala wapi. Unachohitaji ni kujua wanakula kutokana na nini, na wapi. Anza hivi, kisha ongeza yenu: wavuvi wa dagaa, wa jarife, wa mishipi na madema, wanawake wanaochokoa pweza na kutanda uduvi, wakulima wa mwani, wenye minazi na mikorosho, wenye mashamba ya chumvi, wakaangaji na wachuuzi wa dikoni, wafugaji, vijana wa bodaboda, watu wenye ulemavu, wazee wanaotunza mizimu na makaburi, wenye viwanja vya ufukweni wanaoishi mjini.

Kila kundi liandikie mambo matatu: linapatikana wapi, saa ngapi, na nani humo ndani anasikilizwa. Hilo la tatu ni gumu. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni, anakufungulia mlango wa wavuvi, lakini usimhesabu kuwa ndiye wavuvi wote. Mara nyingi yeye ana chombo, na baharia anayevuta wavu ana mawazo mengine kabisa kuhusu lile diko.

Wavuvi wa dago wanaokuja kwa msimu si wakazi, kwa hiyo hawapigi kura kwenye mkutano mkuu. Wasikilize hata hivyo. Wanapanga mahema yao kila mwaka sehemu ileile, na wanajua maji yanakula ufukwe kiasi gani kuliko wajumbe wengi wa kamati.

3. Panga tarehe kwa maji na mwezi

Hapa ndipo wataalamu kutoka bara hupotea, na si kosa lao, hawajakulia pwani. Barua inakuja: "Kikao Alhamisi saa nne asubuhi." Alhamisi hiyo ni bamvu, siku za maji kujaa na kukupwa sana. Saa nne maji yamekupwa hadi mwambani na nusu ya wanawake wa kijiji wako huko na fimbo zao. Kikao kinafanyika na wanaume ishirini na wanawake watatu, kisha ripoti inaandikwa kwamba mwamko wa wanawake ni mdogo.

Hesabu hivi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ni za bamvu: maji hukupwa mbali, asubuhi kuelekea adhuhuri. Wachokoaji wa pweza na wakulima wa mwani wako kazini. Siku za mwezi nusu ni za maji mafu, bahari haikimbii mbali, na hao wapo nyumbani. Waite wakati huo.

Wavuvi wa dagaa ni kinyume chake. Wanavua kwa taa wakati wa giza, usiku kucha, na mchana wanalala. Mbalamwezi ikishapanda taa haifui dafu, kwa hiyo wanakaa pwani wakishona nyavu. Waite wakati huo, pale pale walipokaa na nyavu zao, na wala usiwahamishie ofisini.

Umeona tatizo. Mwezi mpevu unampa mvuvi wa dagaa nafasi na unamnyima mchokoaji wa pweza. Hakuna siku moja inayomfaa kila mtu, na ndiyo sababu mkutano mmoja hautoshi. Tenga mwezi mzima, na kila kundi ulipe siku yake ndani ya mwezi huo.

Ongeza haya kwenye hesabu: Ijumaa mchana usiguse, Ramadhani fanya vikao vifupi baada ya alasiri au uahirishe, msimu wa korosho watu wako mashambani hadi jioni, na masika barabara ya kitongoji cha mbali inaweza kukatika.

4. Toa tangazo linalojibu hofu

Tangazo la kawaida husema "mnakaribishwa kwenye kikao muhimu cha ardhi". Neno ardhi pwani linatisha. Watu wameona viwanja vya ufukweni vikiuzwa juu ya vichwa vyao, na wakisikia kikao cha ardhi wanafikiria fidia au kuhamishwa. Andika hivi:

"Kikao cha wanawake wanaochokoa pweza na kulima mwani. Jumatano, saa tisa alasiri, chini ya mkwaju wa dikoni. Tutazungumzia njia za kwenda ufukweni na mahali pa kuanika mwani. Hakuna ardhi itakayogawiwa wala kuuzwa siku hiyo."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayowaleta watu. Toa tangazo siku saba kabla, na ulirudie siku moja kabla: msikitini, kanisani, dikoni, kisimani, kwa wenyeviti wa vitongoji, na kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kama lipo. Kundi la WhatsApp lisiwe njia pekee. Wengi unaowatafuta hawamo humo.

5. Endesha kikao cha kundi juu ya ramani ya ardhini

Watu 12 hadi 20 wanatosha. Wakizidi, gawa vikao viwili. Kaeni duara, mchangani. Viongozi wakiwepo wakae pamoja na wengine. Meza yenye kitambaa mbele ya watu huua mazungumzo kabla hayajaanza.

Waombe wachore kijiji chao chini kwa vijiti, majivu, maganda ya nazi, chochote kilichopo. Wewe usichore. Ukichora, wataisahihisha ramani yako badala ya kuleta yao. Waanze na kitu kisichobishaniwa, kama msikiti au shule, kisha ufukwe, halafu waendelee.

Nikiwa mwezeshaji katika kijiji kimoja, wanaume walimaliza ramani nzuri kabisa: barabara, shule, diko, minazi, hata transfoma ya umeme. Jioni waliingia wanawake. Bibi mmoja aliizunguka mara mbili hasemi kitu, kisha akatoa simbi, makombe madogo ya baharini, kutoka kwenye pindo la khanga yake, akaanza kuzipanga moja moja, kutoka kisimani hadi majini, katikati ya kile ambacho wanaume walikionyesha kama kipande kimoja cha kiwanja cha hoteli. Simbi kumi na moja. Ilikuwa njia ya kubebea mwani. Hakuna mwanaume aliyeificha. Hawakuwahi kupita huko na gunia kichwani, basi.

Ramani ikiisha, uliza maswali ya vitendo:

- Kesho asubuhi unakwenda wapi kwanza, na unapita wapi?
- Njia ipi ulikuwa ukipita zamani na sasa huipiti? Nani aliifunga?
- Maji ya bamvu yanafika wapi siku hizi? Miaka kumi iliyopita yalifika wapi?
- Mwanao akijenga, atajenga wapi?
- Sehemu gani isiguswe kabisa, na kwa nini?

Usiulize "mna maoni gani kuhusu mpango?" Utaletewa kimya, au utaletewa mtu mmoja mwenye hotuba.

Kabla ya kufuta ramani, ipige picha kutoka juu ya kiti, na mwandishi ainakili kwenye daftari akiandika kundi na tarehe. Upepo wa kusi hausubiri.

6. Tembeeni

Chagueni mistari miwili ya kutembea, mmoja kutoka ufukweni kwenda mwisho wa mashamba, mwingine sambamba na pwani. Nenda na watu wanne au watano wa makundi tofauti. Pigeni alama za GPS za simu kwenye kila kitu kilichotajwa: visima, makaburi, mwanzo na mwisho wa kila njia, sehemu ambapo ufukwe umeliwa. Makaburi ya zamani hasa yatafuteni na wazee, kwa sababu mengi hayana hata jiwe, ni msitu mdogo tu ambao mgeni ataupangia viwanja bila kujua.

7. Andika maoni kwa namna ambayo mtu anaweza kuyafuatilia

Kwenye daftari piga safu tano: namba, kundi, walichosema, mahali, kilichofanyika. Safu ya mwisho iache wazi kwa sasa. Mfano wa mstari mmoja:

*Na. 14. Wakulima wa mwani. Njia ya kisimani kwenda ufukweni ibaki wazi, iwe na upana wa watu wawili wenye magunia kupishana. Kati ya mnazi mkavu na uzio wa mabati. (wazi)*

Andika maneno yao. "Wananchi walishauri kuboreshwa kwa miundombinu ya ufikivu" haimsaidii mtu. Maoni yanayopingana yaandike yote mawili, usiyasawazishe. Jina la mtu liandike pale tu anapotaka mwenyewe.

Sasa mahudhurio. Hapa nisikilize vizuri. Mahali fulani nilikofanya kazi, watu walikataa katakata kusaini, na walikuwa na sababu: miaka ya nyuma karatasi ya mahudhurio ya kikao cha kawaida, isiyo na kichwa cha habari, ilikuja kuonekana imebanwa nyuma ya muhtasari wa kuridhia kuuza eneo. Tangu hapo sisainishi karatasi tupu. Juu ya kila ukurasa, siyo wa kwanza tu, andika tarehe, mahali, jina la kikao na ajenda. Chini ya jina la mwisho piga mstari na uandike idadi kwa maneno. Piga picha ukurasa mbele ya watu na umwachie nakala mmoja wao.

8. Wakutanishe wanaogongana kabla ya rasimu

Ukisoma daftari utaona sehemu tatu au nne ambapo kundi moja linataka kile ambacho jingine halitaki. Pwani huwa ni hizi: diko na mwenye kiwanja cha ufukweni, malisho na mashamba, chumvi na mikoko, wenyeji na dago. Usizipeleke mkutano mkuu zikiwa mbichi. Kaa na watu sita, watatu kila upande, na kikao kifanyike pale penye ugomvi. Mkulima na mfugaji wakisimama kwenye njia ya ng'ombe ya kwenda kisimani, wakaiona upana wake, wanabishania mita. Wakikaa ofisini wanabishania kabila.

Msipoafikiana, andika pande zote mbili na upeleke kwa halmashauri ya kijiji. Kama kuna mgogoro wa umiliki, hiyo ni kazi ya baraza la ardhi la kijiji, lile la wajumbe saba ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kikao cha maoni hakihukumu nani ni mwenye shamba.

9. Bandika rasimu, rudisha majibu

Wataalamu wakishatoa ramani ya rasimu, ibandike mahali penye kivuli na watu: dikoni, dukani, ofisi ya kijiji. Rangi za matumizi zielezwe kwa Kiswahili cha kawaida. "Eneo la kuanikia mwani" linaeleweka. Kifupi cha herufi tatu hakieleweki.

Iache kwa mwezi mmoja wa mbalamwezi hadi mbalamwezi. Kwa muda huo kila kundi litakuwa limepata siku zake za kuwa nyumbani. Wakati huohuo jaza ile safu ya tano ya daftari. Kila mstari upate jibu moja kati ya matatu: limekubaliwa na liko hapa kwenye ramani; limebadilishwa, likawa hivi; halikukubaliwa, kwa sababu hii. Kisha rudi kwa kila kundi, nusu saa tu, uwasomee mistari yao.

Hatua hii huachwa kuliko zote kwa sababu haina posho. Ukiiruka, zile zote nane za kabla yake zitaonekana maigizo.

10. Mkutano mkuu

Halmashauri ya kijiji ipitishe rasimu kwanza. Mtendaji athibitishe akidi inayotakiwa kabla ya kutangaza tarehe, na siku yenyewe ahesabu watu kabla ya kufungua. Chagua siku ya maji mafu, alasiri.

Usipitishe mpango mzima kwa mkupuo mmoja wa mikono. Nenda eneo kwa eneo: makazi, mashamba, malisho, msitu, ufukwe. Kwa kila eneo soma lilipo, linaruhusu nini, linakataza nini, kisha uliza. Hesabu mikono ya ndiyo na ya hapana, andika zote mbili. "Wote walikubali" ni sentensi inayotiliwa shaka na kila mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kijiji.

Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajaondoka, usahihishwe hapohapo, usainiwe na mwenyekiti na mtendaji.

11. Baada ya hapo

Mpango unapelekwa halmashauri ya wilaya pamoja na sheria ndogo za kijiji, na sheria ndogo lazima zipitishwe na baraza la madiwani. Bila sheria ndogo mlinzi wa njia ya mwani hana cha kushika. Baki na nakala mbili za kila kitu, moja ofisini na nyingine nje ya ofisi. Wekeni alama za kudumu kwenye njia za ufukweni mapema, kabla ya mvua za masika kufuta zile za rangi.

Yakikwama

Watu hawaji. Angalia kwanza mwezi ulikuwa wapi. Kama siku ilikuwa sahihi, ujue hawakuamini. Acha kuita vikao, nenda wewe: kaa dikoni vyombo vikiingia, kaa kisimani. Maoni matano yaliyopatikana juu ya ndoo ya samaki yana uzito sawa na ya kikao, mradi uyaandike kwenye daftari.

Mtu mmoja anaongea peke yake. Mpe kazi ya kushika kijiti cha kuonyeshea ramani. Anayeonyesha hawezi kuhutubia vizuri. Ikishindikana, gawa duara mawili.

Uvumi umeenea kwamba ufukwe umeshauzwa. Jibu siku hiyohiyo, kwa nyaraka. Waeleze kwamba kumpa mwekezaji ardhi ya kijiji kunahitaji ihawilishwe, yaani ihamishwe kisheria, kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, na kwamba kwa eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu ndio unaoridhia au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Kama kweli kuna ahadi iliyokwisha kutolewa chini kwa chini, iseme. Ikijulikana kwa njia nyingine, daftari lako lote halina thamani.

Kijiji jirani kinakataa mpaka. Simamisha eneo hilo tu, mengine yaendelee. Omba wilaya iwakutanishe. Usichore rangi yoyote juu ya sehemu inayogombewa; acha nyeupe na uandike "mpaka haujakubaliwa".

Mwenye kiwanja cha ufukweni haji wala hajibu. Mpe barua kwa mkono wa msimamizi wake, asaini kupokea, utunze nakala. Mwekee siku ya mwisho ya kujibu. Njia ya watu inayopita kwenye kiwanja chake iandikwe kwenye rasimu kama ilivyoonyeshwa na wanaoipita, na kwenye safu ya tano uandike kwamba aliitwa tarehe fulani.

Wataalamu wa wilaya wana siku nne tu. Hili litawapata karibu nyote, kwa sababu mafuta ya gari na posho havidumu. Hatua ya 1 hadi ya 8 hazihitaji mtaalamu wala GPS ya maana. Zifanyeni mwezi mmoja kabla gari halijafika, mkiwa na daftari, mchanga na mzee wa kuhesabu mwezi. Wakishuka kwenye gari, wapeni daftari walisome jioni ya kwanza, na asubuhi yake waanzie kwenye zile simbi kumi na moja.